Utangulizi: Kusoma Kilichoharibika Kalibuni

Anayeyeyusha metali kwa mara ya kwanza huuhofu moto. Huhangaika na mkaa, huhangaika na mvukuto, na metali ikishakuwa maji hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Alumini hutaka nyuzi 660, na hapo napo mkaa mkavu na upepo wa kutosha humaliza kazi. Kinachoamua kama utatoa kalibuni kitu cha kuuza au kitu cha kurudisha chunguni ni zile sekunde chache ambazo metali inaacha kuwa maji na kuanza kuwa ngumu. Kusubu ni elimu ya kupoa. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka msomaji aondoke nalo, maana makosa ya wanaoanza karibu yote huzaliwa hapo, nao karibu wote hujaribu kuyaponya kwa kuongeza moto.

Kila kasoro ina sura yake, na sura hiyo ni ushahidi wa jinsi kitu kilivyopoa. Mkunjo, tundu, ukingo uliokatika, uso uliopauka: vyote vinasomeka. Uwanja ninaomkaribisha msomaji ni wa kusoma ushahidi huo, na hauhitaji maabara ili mtu auingie. Mizani ndogo, jicho na daftari vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Ninawaandikia kwanza wasomaji wa Lunyo na majirani zake: wanaoishi kusini mwa Busia ya Uganda kuteremka hadi Majanji ziwani, wa Tororo na Malaba kwenye barabara kuu, na ng'ambo ya Mto Sio wale wa Samia na Funyula upande wa Kenya. Mpaka huu una kila kinachotakiwa. Kuna ziwa, na nyavu za ziwani hutaka chubwi za kuzamisha kamba ya chini. Kuna malori, na malori huacha nyuma pistoni, magamba ya injini, betri zilizokufa na vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu. Kuna masoko yanayotaka sufuria nzito, na kuna vijana wenye mikono. Kinachopungua ni kitabu kinachomwambia kijana kwa nini sufuria ya jana ilitoka na matundu na ya leo haikutoka nayo.

Tusianze, hata hivyo, kana kwamba metali imeingia hapa na lori. Vilima vya Samia vina mawe ya chuma, na Wasamia walijulikana kwa uhunzi muda mrefu kabla ya mpaka kuchorwa. Majembe yao yalivuka kwenda kwa majirani, Waluo wakiwemo, yakabadilishwa kwa vyakula na mifugo. Lakini mwanafunzi wa fani hii aelewe tofauti moja mapema: mhunzi wa Samia hakusubu, alifua. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na tanuri la udongo lenye mivukuto ya ngozi halikukusudiwa kufika huko. Lilichotoa ni bonge la chuma lililochanganyika na takataka za mawe, ambalo mhunzi alilipiga moto tena na tena na kulifua hadi takataka zikatoka. Kwa hiyo urithi wetu wa metali ni urithi wa nyundo. Kalibu tumeijua baadaye, na ndiyo maana msamiati wa kufua ni tajiri kuliko wa kusubu, na ndiyo maana kasoro za kusubu bado tunazieleza kwa kusema tu kwamba kitu kimekataa.

Mahali tunapoweza kuwaona wazee wa kanda hii wakipambana na kazi inayokataa ni ng'ambo ya pili ya ziwa, Kagera. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 yeye na mwanametali Donald Avery wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Dai lao kubwa lilikuwa kwamba kewa za udongo, yaani mirija ya kupitishia hewa ya mvukuto, ziliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ikapata moto kabla ya kuufikia mkaa, na kwamba mbinu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,500 kwenye kanda hiyo. Wanametali wengine walilipinga dai hilo la hewa kupashwa moto, na mabishano yao yanafaa kusomwa na kila anayeingia humu. Mimi kinachonivutia zaidi ni wazee wenyewe. Walikuwa hawajaigusa kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na iliwabidi wakumbuke kwa mikono: wajaribu, watazame kilichotoka, warekebishe. Baadaye Schmidt aliwafuatilia Warongo, wahunzi wa upande wa Biharamulo, na tanuri lilipogoma aliwaona wakitafuta chanzo pande zote, kwenye kewa na mkaa na mawe, na pia kwenye miiko na dawa. Msomaji wa leo anaweza kuiweka kando ile sehemu ya dawa. Asiiweke kando nidhamu yenyewe: kazi ikiharibika, orodhesha kila kinachoweza kuwa chanzo, badilisha kimoja, jaribu tena.

Kusubu kwenyewe kulienea kwetu kwa njia ya reli na karakana. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931 kwa njia inayopita Tororo, na treni za mvuke zilitembelea beringi zilizowekewa babiti, mchanganyiko laini wa metali ambao Isaac Babbitt wa Marekani alianza kuutumia mwaka 1839. Beringi ikilika, fundi huyeyusha babiti na kuimimina upya. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa na kipimo cha moto kisichohitaji umeme: kijiti kikavu cha mbao. Kikichovywa na kugeuka hudhurungi polepole, metali iko tayari. Kikiwaka, moto umezidi. Kisipobadilika rangi, ngoja. Ninakitaja kwa sababu kinafaa hadi leo, na kwa sababu kinaonyesha kwamba kupima hakuanzi na kununua kifaa.

Kutoka karakana za reli na za Wahindi, ujuzi uliingia mitaani. Kenneth King aliufuatilia upande wa Kenya katika vitabu viwili, cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika na cha mwaka 1996 kuhusu jua kali, na kati ya waandishi wa kigeni ni yeye aliyeuchukulia ufundi wa mtaani kuwa elimu inayokua. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilikuwa imefungua mlango huo, ingawa kwa macho ya kiuchumi: ilihesabu ajira. Katwe kule Kampala na Kamukunji kule Nairobi ndiyo majina ambayo kila fundi wa mpakani huyataja. Ningependa mwanafunzi aende kote kuwili, atazame, kisha arudi na maswali.

Sasa tuingie kwenye kupoa kwenyewe.

Metali inayomiminwa hufanya mambo matatu kwa pamoja. Inatiririka, inavaa ngozi, na inasinyaa. Kutiririka kunaonekana. Ngozi haionekani kirahisi, nayo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: uso wa alumini ukigusa hewa hushika utando wa oksidi papo hapo. Utando huo si tatizo ukibaki juu. Tatizo ni mmiminiko ukianguka kwa kishindo, utando ukajikunja na kuzama ndani, kwa sababu pande mbili zilizokunjana hazishikani tena, na zikigandamizwa ndani ya kitu huwa ufa uliokwisha kuwepo kabla chombo hakijatumika hata siku moja. John Campbell wa Chuo Kikuu cha Birmingham ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kulieleza jambo hili, na ameliwekea kikomo: mwendo wa metali uingiapo kalibuni usizidi nusu mita kwa sekunde. Piga hesabu uone kikomo hicho kilivyo kikali. Metali hufikia mwendo huo ikianguka sentimita moja na kidogo tu. Fundi anayeinua chungu juu na kumwaga kwa ushujaa anazijaza nyufa sufuria zake. Anayeshusha mdomo wa chungu karibu, akaiacha metali ipande kutoka chini ya kalibu, anafanya kile ambacho viwanda vikubwa hugharamia mabomba na mitambo ili kukipata.

Kusinyaa ndiko kunakozaa matundu makubwa. Risasi ikiganda hupungua kama asilimia 3.5 ya ujazo wake, alumini zaidi ya 6. Upungufu huo lazima ujazwe na metali kutoka mahali fulani, na ikiwa mahali hapo pameshaganda, kitu kitajila chenyewe kwa ndani. Hapa inafaa kumjua Nicolas Chvorinov, ambaye mwaka 1940 alionyesha kwamba muda wa kuganda hufuata ujazo wa kitu ukigawanywa kwa eneo lake la nje, matokeo yakazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Maana yake kwa fundi ni nyepesi: kipande kilichoongezwa mara mbili kwa kila upande huchukua muda mara nne kupoa. Kwa hiyo sehemu nene ya kitu ndiyo huganda mwisho, ndiyo hudai metali, na mdomo wa kumiminia unapaswa kuwa mnene kuliko hiyo ili nao uchelewe zaidi. Wanaobania metali ya mdomo wakidhani wanaokoa mali huitafuta baadaye ndani ya kitu kama tundu.

Hebu tusome chubwi moja kwa karibu. Ni kipande cha risasi chenye urefu wa kidole gumba, chenye tundu katikati la kupitishia kamba, kimesubiwa katika kalibu ya chuma ya pande mbili. Kiweke juani ukigeuze taratibu. Ukiona uso wake una mikunjo kama ngozi ya kiwiko, soma hivi: metali ilianza kuganda kabla haijamaliza kujaza. Mkono wa anayeanza hukimbilia kuongeza mkaa. Asubiri. Chanzo cha kwanza cha kutazama ni kalibu, kwa kuwa kalibu baridi hunyonya joto la metali hata kama chungu kinachemka. Mimina vipande vitano au sita mfululizo bila kusimama, uvipange kwa mpangilio wa kutoka kwao. Mikunjo ikipungua toka cha kwanza hadi cha mwisho, tatizo lilikuwa ubaridi wa kalibu, na dawa ni kuipasha moto kandokando ya jiko kabla ya kuanza na kisha kumimina bila kuchelewachelewa. Mikunjo ikibaki ileile hadi cha sita, tuhumu mafuta. Kalibu iliyohifadhiwa na grisi isishike kutu hutoa mvuke wa mafuta metali inapoingia, na mvuke huo huizuia isiuguse ukuta. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, ikauke kabisa, ujaribu tena. Baada ya hapo ndipo uulize kuhusu moto wa chungu.

Chubwi hiyohiyo ikitoka na kingo za mviringo mahali palipopaswa kuwa na pembe, hewa ilikosa njia ya kutoka, au metali yenyewe haina bati. Risasi tupu ina mvutano mkubwa wa uso, nayo hujivuta kuepuka pembe. Bati kidogo, asilimia 2 hivi, huilainisha ikaingia pembeni. Ikitoka imepauka na ina chembechembe badala ya kung'aa, kalibu ilikuwa ya moto kupita kiasi, ikapoa polepole mno. Kwa chubwi si hasara, kwani samaki hajali, lakini ni habari muhimu kwa anayejifunza kwa sababu inamwambia yuko upande wa pili wa mizani. Kati ya mikunjo na kupauka ndipo palipo joto la kalibu analolitafuta.

Kasoro moja hudanganya hata waliozoea: zinki. Vipande vya kusawazishia magurudumu zamani vilikuwa vya risasi yenye antimoni kidogo. Umoja wa Ulaya ulizuia vya risasi kuanzia mwaka 2005, na siku hizi ndani ya debe moja la vipande vilivyookotwa kuna vya zinki na vya chuma. Kwa macho havitofautiani sana. Zinki ikiyeyukia ndani ya risasi, hata kwa kiasi kidogo, metali huwa nzito, huvutika na upawa, na hukataa kujaza kalibu hata ukiongeza moto kiasi gani. Kinga yake iko kwenye nyuzi: zinki huyeyuka kwenye 419, risasi kwenye 327. Chungu kikikaa chini ya 400, risasi inakuwa maji na vipande vya zinki vinaelea vikiwa vizima, unaviopoa. Aliyekoleza moto ili amalize haraka amezichanganya mwenyewe, na kuzitenganisha tena si kazi ya nyumbani.

Kwa alumini adui wa kanda yetu ni unyevu. Alumini ikiwa maji hunyonya haidrojeni, na hubeba takriban mara 20 ya kiasi inachoweza kukihifadhi ikishaganda. Ziada hiyo hutoka wakati wa kupoa ikiacha vitundu vidogo vilivyotapakaa kila mahali, tofauti na lile tundu moja kubwa la kusinyaa. Haidrojeni hutoka kwenye maji: mkaa ulionyeshewa, skrepa iliyolala nje, mchanga wa kalibu uliolowa kupita kiasi, chungu kipya ambacho hakijakaushwa. Masika yakiingia huku ziwani, fundi asiyebadilisha chochote kwenye kazi yake ataona sufuria zake zimebadilika. Dawa ni kukausha kila kitu juu ya jiko kabla hakijaingia motoni, na kutoiacha metali ikitokota bure baada ya kuyeyuka, kwa sababu kila dakika ya ziada na kila nyuzi ya ziada inanyonya zaidi.

Unyevu una hatari nyingine isiyohusu ubora. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kama mara 1,700 ya ile ya awali. Kipande cha skrepa chenye tone la maji ndani, kikitupwa kwenye chungu cha metali iliyokwisha kuyeyuka, hurusha metali yote usoni mwa aliye karibu. Skrepa huwekwa chunguni kukiwa kungali baridi, au hupashwa moto pembeni kwanza. Macho yafunikwe, miguu ivae buti za ngozi wala si ndala, na ndoo ya maji ikae mbali. Moto huzimwa kwa mchanga mkavu.

Nafika kwenye jambo zito kuliko yote humu, na ninaomba msomaji asiliruke. Risasi ni sumu. Haina harufu inayoonya, na mtoto anayeilamba kwenye vidole haumwi tumbo siku hiyo. Inaingia kwenye damu, inajificha kwenye mifupa, na kwa watoto inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa mahali ambapo watu walikuwa wakichambua mabaki ya betri za magari. Kwetu, mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa uliishi kwa miaka kadhaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe alipatikana na risasi mwilini, aliongoza mapambano, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Sumu hiyo si moshi peke yake. Kinachowadhuru zaidi watu wa nyumbani ni vumbi: ule unga wa kijivu na wa manjano unaokaa juu ya risasi iliyoyeyuka, unaokwanguliwa na kumwagwa pembeni, ambako kuku wanapekua na watoto wanacheza. Betri ni mbaya kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake kuna asidi na kuna risasi iliyokwisha kuwa unga. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nao sitaulegeza katika sura zinazofuata: betri isivunjwe nyumbani kamwe. Anayeshika risasi ya aina yoyote aishike nje, upepo ukimpiga mgongoni, kwa chungu kisichorudi jikoni tena, watoto na wajawazito wakiwa mbali, na anawe mikono na kubadili nguo kabla ya kula au kumbeba mtoto. Na kwa nyavu, ningependelea mvuvi atumie jiwe au udongo uliochomwa. Ni vikubwa zaidi kwa uzito uleule, vinasumbua kidogo kwenye kamba, lakini hakuna mtoto atakayepoteza akili kwa ajili yake. Nimeieleza chubwi ya risasi kwa kirefu kwa sababu risasi huonyesha kasoro waziwazi kuliko metali nyingine, na kwa sababu anayeijua ataweza kumshauri anayeitumia.

Hata sufuria zinahusika. Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, pamoja na wenzake walichunguza mwaka 2014 sufuria za kumimina za Kameruni, kisha mwaka 2017 vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walivichemshia asidi hafifu mfano wa siki, na baadhi vikatoa risasi. Inatoka kwenye skrepa isiyochambuliwa: redieta zenye solda, vipande vya betri, rangi za zamani. Fundi wa sufuria anayechambua skrepa yake kwa makini analinda walaji asiowajua, na kuchambua skrepa kuna sura yake humu.

Wapo watakaofungua kitabu hiki wakitafuta risasi za bunduki. Humu hawatazipata, kwa kuwa sheria za Uganda na za Kenya haziruhusu kuzitengeneza bila leseni. Hata hivyo historia yake ina somo moja ambalo siwezi kulinyima darasa langu. William Watts, fundi wa Bristol, Uingereza, alipata hataza mwaka 1782 kwa njia ya kutengeneza marisau, zile punje za duara za bunduki, bila kalibu yoyote. Aliinua nyumba yake mwenyewe kwa mnara, akamimina risasi kupitia chekeche kutoka juu, na matone yakaanguka hadi kwenye maji chini. Angani, mvutano wa uso ulilikusanya kila tone likawa duara, na kabla ya kufika chini lilikuwa limeshaganda vya kutosha lisibondeke. Aliongeza aseniki kidogo ili matone yawe mviringo zaidi, sumu juu ya sumu, jambo ambalo humu hatulifanyi. Lakini tazama alichokifanya: hakugusa moto. Alibadilisha njia ya kupoa tu, na tatizo lililowasumbua wenzake kwa vizazi likaisha.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto dogo, haina sumu, na hufanya karibu yote niliyoyataja: hukunjamana kwenye kalibu baridi, husinyaa katikati ya sehemu nene, hukosa pembe hewa ikizuiwa. Mtu akitumia wiki chache akisoma kasoro za nta, atakapofika kwenye alumini macho yake yatakuwa yamezoea, na hatakuwa amejiunguza.

Kisha aanze daftari. Kila mmimino uandikwe: hali ya hewa, skrepa ilitoka wapi, kalibu ilipashwa moto kwa muda gani, kipande cha ngapi, kilitokaje. Na kila kipande kipimwe. Kwa alumini fanya hivi: pima uzito wa kipande kwenye mizani ya dukani. Jaza kopo maji hadi ukingoni, ulisimamishe ndani ya beseni kavu, uzamishe kipande kikiwa kimefungwa uzi, kisha uvute maji yaliyomwagika kwa bomba la sindano la dukani lenye alama za mililita. Alumini nzima ya gramu 270 humwaga mililita 100 hivi. Skrepa yenye silikoni au shaba hutofautiana kidogo, kwa hiyo linganisha vipande vya chungu kimoja, usilinganishe vya wiki hii na vya mwezi uliopita. Kipande kikimwaga 104 wakati ndugu zake wenye uzito uleule wanamwaga 100, kina karibu asilimia 4 ya matundu ndani yake hata kama uso wake unang'aa. Kikate kwa msumeno palipo panene, uone ni tundu moja au ni vitundu vingi, uandike, halafu ufungue sura ya kwanza.